Mgeni Asiye na Kitambulisho Katika Kompyuta ya Ofisi

Zedekiah Okinyi,
Karani (kwa majaribio),
Shule ya Udereva ya Usukani Mwema,
Dagoretti Corner.

Kwa Bi Muthoni Kinyanjui,
Mkurugenzi,
Shule hiyo hiyo, chumba cha pili.

Kwako Bi Mkurugenzi,

MINTARAFU: KUJIELEZA KWA NINI NISIRUDISHWE LANGONI

Barua yako ya Jumatatu nimeipokea na nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu ilibidi niketi. Unataka nikueleze, kabla ya saa sita mchana kesho Ijumaa, kwa nini kompyuta ya ofisi haijafanya kazi tangu Jumatano ya wiki jana, kwa nini wanafunzi kumi na mmoja hawajapangiwa tarehe ya mtihani wa barabarani, na kwa nini mimi nisirudishwe kule langoni uliponitoa mwezi wa Januari. Nitajieleza kwa adabu zote. Ila naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba mwenye makosa ni kompyuta, na ingekuwa haki nayo ikaandikiwa barua.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumatano hiyo, saa mbili na dakika kumi asubuhi, dirisha lilifunguka katikati ya skrini. Ndani yake kulikuwa na mtu, au kitu, kinachoomba kuruhusiwa kufanya mabadiliko katika mashine. Chini kulikuwa na vitufe viwili, kuruhusu na kukataa. Nilifanya kile nilichofanya miaka ishirini na miwili katika lango la jengo la ghorofa tisa kule mjini, na mitatu katika lango lako. Nilifungua kitabu cha wageni. Malalamiko yangu ni kama yafuatavyo.

1. Mgeni huyu hana maelezo. Jina lake ni WSMPRVHST, na sijui mama gani alimwita hivyo akitaka aje ale. Nambari ya kitambulisho hana. Penye "unatoka wapi" alisema System 32. Nimeuliza kuanzia Kawangware hadi Kinoo na hakuna anayeujua mtaa huo. Mwalimu Kitonga, ambaye amefundisha watu kuendesha magari katika kila kichochoro cha mji huu, alidhani uko nyuma ya uwanja wa maonyesho pale Jamhuri, lakini hakuweza kuapa. Mwajiri wake, hajulikani. Hayo si matusi yangu, ameyaandika mwenyewe. Bi Mkurugenzi, mtu wa namna hiyo akija kwako nyumbani na kusema amekuja kufanya mabadiliko, utamwandalia chai? Nilibonyeza kukataa.

2. Alirudi. Hadi leo asubuhi amerudi mara arobaini na moja, na kila mara nimeandika saa. Tazama kitabu, ukurasa wa 14 hadi 19 (ukurasa wa 17 umemwagikiwa na chai, uniwie radhi). Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu yuko siku ya tisa na sina jembe la kumpa kupitia kwenye skrini. Na kwa kuwa sheria ya lango ni kwamba mgeni ambaye hajaeleweka akiwa mlangoni hakuna kingine kinachoingia wala kutoka, nilisimamisha shughuli zote za kompyuta. Ndiyo maana wanafunzi hawajapangiwa tarehe. Wenye haraka wanaweza kuendelea na vile vigari vya plastiki kwenye ubao wetu wa kufundishia wenye ramani ya mji, ambao hauombi ruhusa ya mtu.

3. Kompyuta yenyewe inaniuliza mimi kama mgeni ni salama. Hili limeninyima usingizi. Mashine inayojua hesabu zote za dunia inamgeukia mtu aliyeifahamu miezi mitano na kumwuliza, unamjua huyu? Nyumba ikimwuliza bawabu kama mgeni ni ndugu wa nyumba, basi hakuna mwenye nyumba. Halafu mambo yakiharibika inasema ni Zedekiah aliyebonyeza. Nimefanya kazi chini ya mameneja wengi mjini na tabia hiyo naijua.

4. Wenzangu hawanisaidii. Nilimwuliza Jacklyne wa mapokezi yeye hufanya nini dirisha kama hilo likitokea. Alisema, "Mimi hubonyeza tu yes ndio itoke." Ndiyo sababu mashine yake inamwonyesha magauni ya harusi kila akitaka kuandika barua, na Jacklyne ameolewa tangu zamani. Nilimpigia simu Dan, fundi wetu wa kompyuta, naye akasema, "Mzee, allow tu. Hiyo ni kitu ya system, haina noma." Nilimwomba aniandikie hayo kwenye karatasi na kutia sahihi. Alicheka. Wewe mwenyewe, kwa heshima zote, nilikuona mwezi wa Machi ukiruhusu madirisha matatu mfululizo huku simu iko sikioni na unamkaripia mtu wa maji. Dakika hiyo nilikuwa chini ya meza yako, nafagia.

5. Nakumbushwa kwamba huwa nachelewesha mambo. Si kweli, huwa nafuata utaratibu. Kule mjini alikuja mtu amevaa ovaroli chafu, akidai ni fundi wa lifti, bila barua. Nilimzuia. Ni kweli lifti ilikuwa imekwama, na ni kweli mawakili wawili walikuwa ndani yake kwa saa nne. Lakini barua ilipatikana, akaingia, na mawakili wale wakatoka wakiwa wanaijua sheria vizuri zaidi.

6. Jana Dan alifika na kutoa maelezo ambayo yameongeza uzito wa kesi yangu. Anasema mgeni huyu ni mlinzi. Kwamba alitumwa na programu ya kuzuia virusi, na kazi yake ni kusimama ndani ya kompyuta akiwazuia wezi. Bi Mkurugenzi, nimekuwa soja tangu nikiwa na nywele. Soja hufika kazini na sare, na barua ya kutumwa, na anajua jina la kampuni yake. Na zaidi, mlinzi wa mashine hiyo ni mimi. Kama kuna wa pili, nani mkubwa? Nani anatia sahihi? Mmoja akienda kula, mwingine anamjua nani?

7. Kwa hivyo ninapendekeza kwamba kuanzia sasa kila kitu kinachotaka kuingia katika kompyuta kilete barua ya chifu wa kwao, wadhamini wawili, mmoja wao akiwa mchungaji, na kije kati ya saa nne na saa kumi, siku za kazi. Kiache kitambulisho kwangu na kukichukua kikitoka. Ambacho kimeshaingia bila utaratibu huo kitolewe, nacho kianze upya. Dan anasema tukifanya hivyo kompyuta haitawaka kabisa. Nasema hapo ndipo itakapokuwa salama.

Nimalizie kwa jambo ambalo si la utaratibu. Ulipomwacha Macharia, karani wa kabla yangu, aende na ukaniambia mimi nipande juu nikakalie kiti chake, mke wangu Peres alisimama kanisani na kutoa ushuhuda. Alisema Mungu amemtoa mume wake kwenye mvua. Watu walipiga makofi. Nikirudi langoni sitaogopa mvua, nimeizoea. Nitaogopa Jumapili. Naona haya kuliandika, lakini ndiyo sababu nimekuwa mwangalifu kupita kiasi. Nilitaka kisipotee kitu chochote mikononi mwangu.

Nisalimie Baba Shiku, Shiku mwenyewe na wote wa nyumbani. Mwalimu Kitonga anakusalimu pia, na anauliza kuhusu breki za gari la pili.

Ni mimi mwaminifu wako, juu ya ngazi kwa sasa,

Zedekiah Okinyi

TANBIHI: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii, saa tisa alasiri, mgeni mwingine alipofika kwenye skrini. Huyu alikuwa na adabu. Alinisalimu kwa jina langu, akatoa jina lake kamili, mwajiri, anwani, simu, na barua yenye muhuri wa mviringo, akasema anakwenda kwako. Ni wa kwanza kujaza nafasi zote kitabuni. Aliomba neno lako la siri, lile ulilolibandika chini ya kibodi, nikampa, kisha nikabonyeza kuruhusu kwa mkono wangu na moyo wangu ukatulia. Sasa skrini yote ni nyekundu, majalada ya wanafunzi yamefungwa, na mgeni anasema hatoki. Adabu nayo imemwisha. Dan anasema kwenye simu kwamba yule niliyemfukuza mara arobaini na moja ndiye angemzuia huyu. Naomba aitwe, aingie bila kuandikwa. Usijisumbue kuandika barua nyingine, mimi nimeshashuka langoni. Peres nitamwambia mwenyewe.