Siku Mbili za Kuwa Mlozi

Ijumaa, 9 Agosti

Zamu imeisha. Miaka sita sasa, mbali na kwetu Luwingu, navunja mawe ya watu hapa Lusaka. Mgongo umekufa. Kichwa bado kinafanya kazi vizuri kabisa.

Kesho alfajiri naondoka na Mabvuto, kibarua mwenzangu, kwenda kwao Chipata, kwa gari lake bovu. Yeye anakwenda kusalimia wazee. Mimi nakwenda kumwomba dada yake, Tamanda. Alitutembelea Pasaka, akatupikia siku nne. Tangu hapo ugali wangu mwenyewe haunipiti kooni.

Tatizo moja. Wao ni Wangoni, mimi Mbemba. Watani! Mbemba akikanyaga ua wa Wangoni huvuliwa hadi mkanda, na kukasirika ni mwiko. Nami nimenunua koti jipya na viatu vya ngozi kwa ajili ya posa. Nani amwoze binti yake mtu aliye kifua wazi?

Dawa nimeipata. Nitakuwa Mlozi: si mchawi, ni mtu wa kabila la Walozi wa kule magharibi. Jina: Mubita. Mlozi hana utani nao. Mabvuto amecheka hadi akakohoa. Eti, "We mla tumbili," ndivyo wanavyotutania Wabemba, "utajuta." Wivu tu.

Jumamosi, 10 Agosti

Hatujafika mbali, polisi wakatusimamisha. Mmoja akaniuliza jina. Nikaona hii ndiyo nafasi ya mazoezi. Mubita! Kitambulisho kinasema Kapembwa. Tumekaa juu ya jiwe saa nzima, jua la asubuhi likituchoma, namweleza mapenzi yangu mtu mwenye bunduki. Alipoelewa akatuachia, akaniita mjinga. Lakini jina nililitamka vizuri.

Darajani Luangwa gari likachemka. Mabvuto akatia maji, mimi nikanunua samaki wakavu, fungu zima. Walozi ni watu wa mto. Mlozi asiye na samaki nani atamwamini? Njia iliyobaki Mabvuto ameendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha.

Tumefika. Mpango umefaulu! Hakuna aliyegusa koti. Nimepewa kiti, maji ya kunawa, na kimya. Mzee Shawa, baba yao, ananiita "mgeni" na kutazama ukuta. Bibi yao amepokea samaki akaniuliza habari za kwetu. Nikasema mto umejaa.

Tamanda ananijua, bila shaka. Aliposikia "Mubita" akainua nyusi, akaingia jikoni. Amenifichia siri! Kama hayo si mapenzi, ni nini?

Jumapili, 11 Agosti

Chakula cha mchana. Mboga: panya wa shambani, wakavu, na mikia yao. Nikajikaza kiume nikameza mmoja bila kutafuna. Naamini bado anatembea.

Kisha Mzee Shawa akaanza kuwasema Wabemba. Alisema Mbemba akizaliwa, tumbili wanahama msitu. Nikamega ugali. Bibi akadakia, "Na akifa, wanafanya sherehe!" Nikamega tena, tonge kubwa zaidi. Bibi akaongeza kwamba zamani vitani Wabemba walikimbia, na hadi leo hawajasimama.

Hapo nikasimama mimi. "Ninyi ndio mliokimbia! Tena mlichelewa kufika kwa sababu kila shimo la panya mlisimama kuchimba!"

Tamanda akaangusha mwiko kwa kicheko. Bibi akapiga kigelegele. "Mtani! Kumbe tumemlaza mtani wetu na koti lake!"

Walinivamia. Koti likaenda kwa Mzee. Viatu kwa Bibi, akavivaa akacheza ngoma, ananiita "mume wangu mwizi." Mkanda sijui nani. Nyumba nzima inacheka, nami pia. Jana hakuna aliyenichekea.

Basi nikamwomba Tamanda palepale, suruali nimeishika kwa mikono miwili. Mzee akafuta machozi. Alisema mtani hahitaji kubisha hodi. Ningeingia jana nikitukana, leo tungezungumza mahari. Sasa aamue binti mwenyewe.

Tamanda akasema, "Kaka Kapembwa, wewe wa Pasaka nilikupenda. Huyu Mubita simjui. Baada ya mavuno yajayo njoo wewe, kwa jina lako. Lakini uongo mwingine mmoja tu, kwangu au kwa mtu mwingine, nikiusikia, basi."

Nimeapa mbele ya wote. Nimepata mke!

Jumatatu, 12 Agosti

Tunarudi. Miguu mitupu, suruali nimeifunga kwa kamba ya lile fungu la samaki. Sijawahi kuwa na furaha hivi. Ukweli ni kitu chepesi, nimemwambia Mabvuto. Hadi mavuno, uongo marufuku.

Ila kibarua ni neno dogo kwa mume wa Tamanda. Siku moja nitakuwa nyapara. Kulisema mapema si uongo, ni kuharakisha habari.

Karibu na Lusaka, polisi yuleyule. Akauliza jina na kazi. Nikajibu kwa sauti ya kiume: Kapembwa, nyapara. Akaomba kadi ya kazini. Kadi inasema kibarua.

Naandika haya nikiwa juu ya jiwe lilelile, saa ya pili sasa. Mabvuto yuko kwenye simu na dada yake, anacheka hadi anakohoa.

Lakini nililitamka vizuri.