Uzinduzi wa Institut ya Majina ya Kilatini ya Bowa

Excellence Bwana Représentant, ambaye hakukuya lakini kiti yake iko, ba-Honorable ba sasa na bale ba zamani, Mon Père, bibi za bakubwa kufuatana na ukubwa wa bwana zao, Bwana Chef de quartier, banamama bauzaji ba bowa, ule uyoga wa pori, ba njia ya Kasomeno, na weye wa kupiga foto, ngoja kwanza nifunge vifungo: minabasalimia wote, na minajisalimia mimi mwenyewe, Constantin Ngoy, Directeur-Coordonnateur, juu bila mimi hamungekuwa hapa. (Makofi ya ba-protocole.)

Miaka mbili iliyopita tulibatosha, tukabaondosha banamama hawa pale kando ya barabara, tukabaahidia Institut yenye hangar ya kuuzishia bowa, mabati na maji ya robinet. Juu gani tulibatosha? Juu baliuzisha bowa bila majina! Muntu wa heshima wa kule Golf, quartier ya batajiri, anasimamisha gari, anauliza hii ni nini, mama anamujibu: tente, ndelema, kabansa. Aibu gani hii! Étude tuliyofanya, mimi na chauffeur wangu, inaonyesha kwamba asilimia tisini na saba ya bowa ya mukoa huu haijui jina yake. (Kicheko. Directeur anafikiri ni ya kumusifu, anainama.)

Donc, tusome. Ile kubwa kama mwavuli inaitwa Termitomyces titanicus: muchwa, bowa, jitu. Minasikia mama mumoja ananung'unika ati inaota pa kichuguu na iko kubwa, kila mutu anaiona. Mama, kuona na macho haiko elimu! Cantharellus, maana yake kikombe kidogo, wazee ba Ugiriki balikunywea divai. Lactarius, mwenye kutoa maziwa, juu ukiikata inatoka maji meupe. Na ile munayotukana kila siku na luga ya soko, jina yake ya kweli, ya heshima, ya kimataifa, ni Lactarius kabansus.

(Kelele. Mama Kapya, aliyeuzisha bowa miaka makumi mbili na mbili, anasimama na kapo yake: “Eh, Directeur! Si njo kabansa yetu ile? Benye kuandika baliuliza bantu ba huku, bakaandika!”)

Kaa chini, Mama Kapya. Kabansa ni ya mufuko. Kabansus imepita ku université. Ile “us” ya nyuma, weye ungeitosha wapi? (Ba-protocole banacheka peke yao.)

(Mama Kapya hakai: “Mvua imeanza, Directeur. Bowa inaoza siku moja. Miaka mbili minapita nyumba kwa nyumba na kapo ku kichwa, magoti yamekwisha. Hangar iko wapi?”)

Swali muzuri sana, na serikali inaipokea kwa furaha. Bowa haiwezi kungoja, minakubali, lakini sayansi inaweza, na sisi tuko upande wa sayansi. Comité ya kufuatilia iko, sous-comité ya kufuatilia comité iko, na per diem yao haikuchelewa hata siku moja.

Jina kwanza! (Mama mumoja anapiga mwayo.) Bowa nyuma! (Chef de quartier: “Nyuma!”) Kilatini oyé! (Mutoto analia.)

Kwa kumaliza, minashukuru fundi wa kibao hiki cha rangi ya buluu nyuma yangu, juu njo Institut yenyewe yote, hakuna ingine, na anaomba asubuhi arudishiwe mbao zake. Minashukuru zaidi bibi yangu, Madame Lydie, ambaye pale banamama balikalia njiani amejenga duka yake ya vyakula, kiwanja kisilale bure. Leo anatualika kule tuonje bowa ya makopo kutoka Ulaya, Agaricus bisporus, jina imeandikwa juu kabisa. Mama Kapya, na weye karibu. Ila ile kapo uiache inje.