Kadi Iliyofundishwa Kufunga

Sangwa wa mtaa wa Niboye alikuwa na shida mbili, na siku alipomkuta Alida akilia mbele ya kompyuta, aliona dawa ya zote mbili palepale.

Shida ya kwanza ilikuwa kadi ya grafiki, kile kifaa ndani ya kompyuta kinachochora picha kwenye skrini. Yake ilikuwa na nguvu, lakini ikitumikishwa kidogo tu inapata moto hadi kompyuta inazimika. Shida ya pili ilikuwa Jumapili. Alikuwa amemwahidi mama wa Pretty, mchumba wake, kwamba atawapeleka kanisani kwa gari lake mwenyewe. Gari hana. Ulimi ulimponyoka, kama kawaida yake.

Alida, binti aliyekulia Bujumbura, alihariri video za harusi. Kadi yake ilikuwa imekufa, na maharusi walikuwa hawaachi kumpigia simu. Nje ya mlango wake ilisimama skuta nyekundu. Skuta si gari, lakini inazidi miguu.

Kesho yake Sangwa alirudi na kadi aliyoilaza usiku kucha kwenye friji ya soda ya duka la Ilyasi.

"Gusa, dada. Iko baridi?"

"Iko baridi sana. Kwa nini?"

"Inafunga kula! Kiwandani wanapea kila kadi umeme mingi, wanaogopa itachoka. Wewe unapunguza kidogo, inaacha kupata moto, na kazi inakimbia kuliko mwanzo."

Maneno hayo aliyaona kwenye video mtandaoni akacheka hadi machozi. Nani aliwahi kuona mfanyakazi akipunguziwa chakula akaongeza bidii? Uongo mtamu hivyo ingekuwa dhambi kuuacha uende bure. Waliijaribu kadi dakika chache, wakabadilishana, na kabla ubaridi wa friji haujaisha, Sangwa alishatoweka na skuta.

Baada ya siku chache alipita dirishani kwa Alida, akitarajia kusikia kilio. Alikuta kimya. Harusi zote zimekwisha kuhaririwa, na paka amelala fofofo juu ya kompyuta isiyo na joto wala kelele.

Sangwa aliumia moyoni, maana hakuna kinachomuuma tapeli kama kumfanyia mtu wema bila kukusudia. Na wakati huohuo Kenny wa Kimihurura, mpenzi wa michezo ya kompyuta, alikuwa akitangaza kwamba atatoa kigari chake kikuukuu kwa atakayemletea kadi yenye nguvu isiyopata moto.

"Dada Alida, roho inaniuma," alisema Sangwa, kofia mkononi. "Kadi ile iko na ugonjwa. Chukua skuta yako, nirudishie."

"Ugonjwa? Oya! Tangu ifunge iko na afya kunishinda mimi."

"Naongeza na kadi yangu ya nyumbani. Ndogo, lakini nzima."

Alida akamsogeza paka, akaitoa kadi.

Jumamosi, mbele ya Kenny, kadi ilifanya kazi vizuri mpaka Sangwa aliponyoosha mkono kupokea ufunguo wa gari. Hapo ikanuka, na kompyuta ikazimika. Kenny akarudisha ufunguo mfukoni.

Jumapili Sangwa alipanda kilima kwa miguu. Alipokaribia lango la kina Pretty, skuta nyekundu ikasimama kando yake, Alida juu yake akielekea kanisani.

"Umenitapeli, dada! Kadi imerudi kuwa jiko!"

"Mimi? Nilifanya vile ulinifundisha, nikapunguza umeme, ikapoa. Lakini amri ya kupunguza niliiweka ndani ya kompyuta yangu. Wewe umechukua kadi, kompyuta imebaki. Ile ndogo pia inafunga sasa, asante."

"Kumbe ilikuwa kweli?"

Uongo bora wa maisha ya Sangwa ulikuwa kweli tupu, na yeye peke yake ndiye ambaye hakuuamini.

Lango likafunguka. Mama alitoka na kitenge kipya, Pretty nyuma yake, akatazama barabara juu na chini. Alida akamkaribisha kwa heshima, akampa kofia ngumu ya abiria, wakaondoka pamoja. Pretty alibaki na viatu vyake virefu.

"Na gari iko wapi?"

"Inafunga," alisema Sangwa.

Pretty akavua viatu, akampa avibebe, na wakaanza kutembea.