Mzaramo wa Siku Tatu

Mume na mke wakigombana kwa sauti ya chini, huo ni ugomvi wa nyumbani, na mwenye adabu hupita zake. Wakigombana kwa sauti ya juu dukani, mlango wazi, siku ya soko, huo ni mkutano wa hadhara. Hivyo ndivyo Yunusu alivyojitetea mbele ya dhamiri yake alipoegesha baiskeli nje ya duka la Bwana Matano, pale Miyomboni mjini Iringa, akajifanya anakagua mnyororo.

“Kilwa!” alisema Bwana Matano, akipiga meza kwa fimbo ya kupimia kitambaa. “Kuna msikiti wa kale, kuna majumba ya masultani. Watoto wakaone mji uliokuwa mji wakati Iringa bado ni vichuguu.”

“Bagamoyo,” alisema mkewe, Bi. Mwantumu, bila kupiga chochote. “Babu yangu alifika Bagamoyo kwa miguu, na pembe ya ndovu begani. Mimi nitashindwa kufika kwa basi?”

“Mapumziko yenyewe wiki moja!”

“Ndiyo maana nasema Bagamoyo.”

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Yunusu aliuacha mnyororo, akatabasamu. Pwani yenyewe hakuwahi kufika. Alizaliwa Rujewa, katikati ya mpunga, na maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni mto Ruaha wakati wa masika. Lakini alikuwa na kanzu nyeupe, kofia ya kudariziwa, na ulimi ambao kule Uyole ulikwisha kumuuzia dereva mmoja dawa ya kuzuia lori lisipinduke. Mbeya walikuwa wameanza kumwita kwa jina lake halisi, na kwa mtu wa kazi yake hiyo ni notisi ya kuhama.

Zaidi ya yote alikuwa na baiskeli. Nyeusi, ina kengele na taa ya dinamo. Aliinunua kwa jasho la kweli, miaka miwili ya kuchimba dhahabu Chunya, na ndicho kitu pekee maishani mwake ambacho hakukipata kwa maneno. Aliipenda. Aliifuta kila asubuhi kabla ya kunawa uso wake mwenyewe. Akiwa kwa miguu, Yunusu alikuwa mtu anayesema uongo; akiwa juu ya baiskeli, alikuwa bwana mwenye habari.

Jioni ile ile alimvizia Bwana Matano akitoka msikitini peke yake.

“Nimesikia mzee wangu unaitamani Kilwa,” alisema kwa unyenyekevu. “Mimi mtoto wa Kilwa. Nyumba ya mama yangu ipo hatua kumi kutoka msikiti wa kale, vyumba vitatu, vimekaa tu. Kesho kutwa nateremka. Nikimpelekea mama zawadi ndogo, atawapokea kama wanawe.”

“Zawadi gani?”

“Mzee, mimi siwezi kukupangia. Ila miguu inamuuma kwa baridi.”

Kwamba Kilwa hakuna baridi, Bwana Matano hakulifikiria hilo. Mtu anayeishi Iringa huamini kuwa dunia nzima inatetemeka mwezi wa saba. Akatoa mablanketi mawili ya sufu.

“Ila usimwambie mama wa nyumbani kwako,” alinong’ona Yunusu. “Mwache ashtukie yupo Kilwa.”

Alhamisi asubuhi, Bwana Matano akiwa sokoni, Yunusu alimkuta Bi. Mwantumu nyuma ya duka anapepeta mchele. Safari hii mama yake alikuwa amehamia Bagamoyo, nyumba inatazama bandari, na hitaji lake lilikuwa chakula, maana mchele wa kule, kwa maelezo ya Yunusu, ulikuwa na chumvi. Bi. Mwantumu alimsikiliza mpaka mwisho. Akampimia debe zima.

“Na wewe mwanangu,” aliuliza, “huko Bagamoyo ni kabila gani?”

Sasa hapo, msomaji, ndipo penye shimo. Mwongo huchagua kabila kama achaguavyo kofia: linalomkaa vizuri kichwani. Husahau kwamba kabila haliji peke yake, linakuja na wajomba, mashemeji na madeni ya mababu.

“Mzaramo, mama,” alisema Yunusu kwa fahari. “Baba Mzaramo, mama Mzaramo, hata paka wetu Mzaramo.”

Uso wa Bi. Mwantumu ukachangamka ghafla, akawa kama msichana.

“Basi huwezi kuondoka hivi hivi! Kesho baada ya sala ya Ijumaa uje ule kwangu. Uje na baiskeli yako, tukufungie na vitumbua vya njiani.”

Mtu mwenye busara angekuwa njiani kuelekea Dodoma usiku ule ule. Yunusu alikuwa na akili nyingi, lakini alikuwa na njaa pia, na vitumbua ni vitumbua.

Ijumaa akafika, mablanketi na debe vimefungwa nyuma ya baiskeli, tayari kwa safari. Ukumbini aliwakuta Bwana Matano, jirani mmoja mzee wa Kihehe aitwaye Bi. Severina, na Kasian, askari polisi aliyekuwa mapumzikoni, anamaliza sahani ya pili ya pilau. Yunusu hakupenda kuona askari. Hakupenda pia kumwona Bwana Matano akitabasamu.

“Jana usiku,” alisema Bwana Matano, “mimi na mke wangu hatukugombana, mara ya kwanza kwa wiki mbili. Nilimwambia nimempa mablanketi kijana wa Kilwa mwenye baiskeli ya dinamo. Akaniambia amempa mchele kijana wa Bagamoyo mwenye baiskeli ya dinamo.”

Hapo hapo Bi. Mwantumu alitoka jikoni amejifunga kanga kiunoni, akapiga kigelegele kilichotikisa vikombe.

“Mtani wangu kaja! Mimi Mnyamwezi, baba yangu wa Tabora! Mzaramo kaja mwenyewe kwa miguu yake!”

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani humtukana mwenzake msibani, humpokonya nyama mdomoni, huingia kwake akatoka na jogoo. Aliyepokonywa hucheka, kwa kuwa kukasirika ni aibu ya ukoo mzima. Kofia ya Yunusu iliondoka kwanza. Ikafuata kanzu, ikavuliwa kwa ustadi wa mtu anayemenya ndizi, akabaki na shati na suruali. Viatu alivivua mwenyewe, kwa kuchanganyikiwa. Kisha Bi. Mwantumu akaishika baiskeli na mizigo yake yote, akaanza kuisukuma kuelekea chumbani.

“Baiskeli hapana, mama!”

“Mbona mtani anakasirika?” aliuliza Bwana Matano. “Kama wewe Mzaramo, huu ni utani, na utani hauna kesi. Kama si Mzaramo, umechukua mali yetu kwa uongo, na hiyo ina kesi. Kasian amekwisha kula.”

Kasian akafuta mdomo.

Yunusu alijaribu kucheka. Kengele ikalia, trin, ilipogonga kizingiti cha chumba. Machozi yakamtoka, na safari hii hayakuwa ya kazi.

“Mimi si Mzaramo!” alilia. “Sijawahi hata kuiona bahari! Mimi Msangu, Msangu wa Rujewa, Mungu ni shahidi!”

Bi. Severina akaweka kikombe chini, akajiinua taratibu kwa magoti yake mabovu.

“Msangu?” alisema. “Kamwene, mtani! Babu zako walitupiga, babu zetu wakawapiga. Lete hilo shati.”

“Hata mimi Mhehe,” alisema Kasian, mara uaskari ukamtoka kabisa. “Basi mkanda ni wangu.”

Walicheka mpaka Bwana Matano akakaa chini sakafuni. Katikati ya kicheko hicho Bi. Mwantumu alimgeukia mumewe kwa hofu.

“Baba watoto, nimewaza. Tukienda Bagamoyo, Wazaramo wa kweli wakijua mimi nani, si watanivua hata hereni?”

“Watakuacha na meno tu.”

“Basi twende Kilwa.”

Saa kumi Yunusu alikuwa kwenye barabara ya Mbeya, anarudi kwao Rujewa, pekupeku, bila shati wala baiskeli, ameishika suruali kwa mkono mmoja. Upepo wa Iringa ulimpata kisawasawa. Lori moja lilipunguza mwendo, dereva akatoa kichwa dirishani, mtu mcheshi, amechoka kusafiri peke yake.

“Panda, ndugu yangu, tupige soga! Wewe kabila gani?”

Yunusu akaitazama suruali yake, akaikaza kwa mikono yote miwili.

“Mimi, ndugu yangu,” alisema, “sina kabila.”