Memori Zilizofukizwa Udi

Mjaka alikuwa dukani Nguvumali akinunua vocha aliposikia bibi mmoja akiilalamikia kompyuta yake kama mtu anayemlalamikia mkwe.

"Mwizi ile!" alisema bibi. "Nikikaribia kumaliza karata, inatoa kioo cha bluu na kuzima. Nikishindwa, mbona haizimi?"

"Nunua mpya, Bimdogo," alisema mwenye duka.

"Ya nini? Hii kaiacha marehemu mume wangu, ile nyeusi ya kukaa chini ya meza."

Mjaka akasahau vocha. Aina hiyo aliijua. Hatibu, mpiga chapa wa Ngamiani, alikuwa nayo, na Hatibu alikuwa pia na pikipiki ya Mjaka.

Ilikuwa hivi. Mjaka alimuuzia Hatibu memori mbili, vile vibao vidogo ambavyo kompyuta huvitumia kukumbuka inachofanya. Alisema zimetoka Dubai. Zilitoka kwenye mashine iliyotupwa. Kompyuta ya Hatibu ikaanza kuganda kila saa. Hatibu, mtu wa maneno machache na mabega mengi, akaifunga pikipiki kwa mnyororo kwenye nguzo ya duka. "Ikipona yangu, inatoka yako," alisema. Bila pikipiki Mjaka hakuwa na abiria, na bila abiria hakuwa na chakula. Memori za zamani namna ile hazipatikani tena madukani. Zile mbovu alikuwa nazo mfukoni. Alimwambia Hatibu anakwenda kuzipima.

Basi achukue za bibi, ambazo angalau hufika karibu na mwisho wa karata, amwachie mbovu. Si wizi, alijiambia. Ni uhamisho.

"Shikamoo, bibi. Mimi fundi. Kuangalia ni bure."

"Marahaba, mwanangu. Bure? Basi twende."

Sebuleni kwa Bimdogo, Mjaka alifungua ubavu wa mashine, akachungulia, akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari.

"Bibi, hii ina homa ya kumbukumbu."

"Mwana wee! Inaambukiza?"

"Bado sijajua. Naomba maji ya kunywa."

Bibi akaenda jikoni. Mjaka akachomoa, akachomeka, akatia za bibi mfukoni mwa koti. Maji yalipofika, pamoja na kahawa na haluwa, akaiwasha mashine. Kioo kikawa cha bluu kabla hajameza tonge la kwanza.

"Ndiyo niliyoihofia," alisema. "Nitaagiza dawa Dar. Namba yangu hii hapa." Akainuka.

"Unakwenda wapi? Vua koti."

"Bibi, nina haraka."

"Mgeni hatoki kwangu bila udi. Unataka majirani waseme nimekutoa kama mtu wa bili ya maji?"

Hapo ujanja wa Mjaka ulifika ukingoni. Katika nyumba kama ile, kukataa udi ni kumtukana mwenyeji mbele ya ukoo wake wote, walio hai na walio kwenye picha ukutani. Akavua. Koti likaenda nyuma ya pazia, moshi mtamu ukatoka, na Mjaka akakaa akitabasamu kama anayesubiri kung'olewa jino.

Koti liliporudi, akapapasa mfuko. Memori mbili. Akapumua.

"Unanukia kama bwana harusi," alisema Hatibu huko Ngamiani.

"Wateja wananipenda." Mjaka akachomeka memori, akabonyeza. Kioo hakikuonyesha hata bluu. Mashine ilitoa mlio mrefu tu, ikarudia, ikarudia tena. Hatibu akakunja mikono.

Simu ikaita. Bimdogo! Mjaka akafungua spika ya simu. "Sikiliza mwenyewe ninavyosifiwa."

"Fundi, nimemaliza karata!"

"Alhamdulillahi, bibi!"

"Zangu nimezitoa mfukoni mwako, ziko kabatini. Hizo ulizobeba ni za zamani, marehemu alizitoa zilipoungua na radi. Kompyuta ikizimwa, mwanangu, kioo chake huonyesha sebule nzima. Nilikuwa mlangoni na gilasi ya maji."

Hatibu aligeuza shingo polepole.

Hapo ufundi ukaishinda aibu ya Mjaka. "Sasa unachezea zipi?"

"Hizo ulizoniachia. Nzima kabisa! Meno yake ya kuchomekea yalishika ukungu wa chumvi, hewa yetu hii ya bahari. Nimezichomoa kama ulivyochomoa wewe, nikazisugua kwa raba ya penseli."

Mjaka akakaa chini. Maisha yake yote aliamini kwamba kila anachouza ni kibovu, na imani hiyo haikuwahi kumwangusha hadi alipomuuzia Hatibu kitu kizuri.

Hatibu akaichukua simu mkononi mwa Mjaka. "Shikamoo, bibi. Memori unazochezea ni zangu."

"Marahaba. Uje uzichukue basi."

"Endelea nazo. Njoo na zile za kabatini, uzisugue, uniwekee wewe. Mafundi wa mjini wamenichosha."

"Miguu yangu haifiki Ngamiani, mwanangu."

"Usafiri upo." Hatibu akaitia simu ya Mjaka mfukoni mwake iwe rehani, akaenda kufungua mnyororo.

Kwa hiyo Mjaka aliipata pikipiki yake siku ile ile, kama alivyopanga. Akaenda Nguvumali. Bimdogo alikuwa kizingitini, buibui limekazwa, kibeti kwapani. Akakaa upande, akamgusa bega.

"Polepole, fundi. Tukifika, wewe utanishikia tochi."