Ndege ya Mama Mkwe Imechelewa Kidogo

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Shirika limekufa. Nimefika kazini asubuhi, sare imenyooka, tai imekaza, nikakuta mlango wa ofisi umefungwa mnyororo na kufuli jipya ambalo hata mlinzi hana ufunguo wake. Kwenye kioo kuna karatasi. Shirika limesitisha safari zote kuanzia leo kwa sababu za kifedha, wafanyakazi watajulishwa. Tumejulishwa na karatasi, tena pamoja na abiria!

Mlinzi kanieleza zaidi ya mkurugenzi. Wenye mafuta wamegoma kujaza. Wenye ndege wamekuja na marubani wao, wamechukua ndege zao. Sikujua kama zilikuwa na wenyewe. Miaka yote hii nasema "ndege zetu".

Mimi ni mtangazaji. Ile sauti inayosema ndege imechelewa kidogo na tunaomba radhi kwa usumbufu, ni yangu. Wenzangu wananiita Bado Kidogo. Kazini tulikuwa na sheria moja tu: usitamke neno "imefutwa". Mwambie mtu imechelewa, atakaa. Mwambie imefutwa, atapanda juu ya kaunta.

Tatizo langu liko sebuleni. Mama mkwe! Begi lake la bluu limeshafungwa, na sweta ndogo aliyoifuma mwenyewe iko juu kabisa. Kesho alikuwa apande ndege kwa tiketi ya bure ninayopewa kama mfanyakazi, aende kwa binti yake wa mwisho. Shemeji yangu huyo yuko mwezi wa kujifungua, mimba ya kwanza, na anaogopa. Mumewe ni mwanyumba wangu, maana tumeoa nyumba moja. Ni dereva wa basi la masafa marefu, hivyo nyumbani kwake ni mgeni. Juzi alijitolea kumpeleka mama. Nikacheka mbele ya ukoo mzima. Nikasema mama mkwe wangu hapandi basi, mama mkwe wangu anapaa.

Kwa hiyo leo sijasema kitu. Nimetoa betri za redio. Nimechomoa waya wa televisheni nyuma ya kabati, nikasema imeungua. Kuna fununu ya mwekezaji. Siku mbili hivi mambo yatakaa sawa.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mama mkwe kaamka kabla ya nyumba nzima. Gauni jipya, viatu vimefungwa, begi mapajani. Nikavaa sare. Nikamwamkia, kaitikia vizuri. Nikasimama pembeni ya kabati, nikakohoa, nikatoa sauti ya kazini. Abiria mpendwa, ndege imechelewa kidogo kwa sababu za kiufundi.

Kauliza kidogo kiasi gani, mkwe wangu. Nikasema tutawajulisha.

Kavua viatu. Kasema basi sawa, ila rafiki yake wa kwaya alipocheleweshewa ndege alipewa soda. Nikaenda dukani. Nikarudi na soda. Kasema rafiki yake alipewa na chakula. Nikarudi tena dukani. Kuku mzima! Kapendelea paja, na kifua, na paja la pili.

Mke wangu kule jikoni kakohoa sana. Kikohozi kibaya, kinamtoa machozi mpaka anashika ukuta. Lazima nimnunulie dawa.

Mchana nikapita ofisini kusikiliza habari za mwekezaji. Kosa! Nilikuwa na sare. Nje kuna timu ya wasichana ya mpira wa wavu, wamekaa juu ya mabegi yao, wana mashindano keshokutwa. Kocha wao kaniona tai, kanikamata mkono, kauliza kama kuna matumaini. Nilitaka kumwambia ukweli, wallahi. Mdomo ukajifungua wenyewe. Nikasema imechelewa kidogo, kocha. Timu nzima ikapiga makofi. Nikaondoka kwa hatua ndefu.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mwekezaji amefika! Mzee mnene, suti ya kijivu. Kazunguka ofisi, kapima pima, kaandika. Sisi tumejipanga nje kama watoto wa shule, mashati ndani ya suruali. Ikajulikana anataka viti. Viti tu. Kasema ana ukumbi wa sherehe.

Wenzangu wameanza kutawanyika. Dada wa kaunta anauza mayai, anayapanga kwenye trei kwa mstari kama alivyokuwa anapanga abiria. Fundi wa injini anatengeneza blenda za mtaani kwao, na kasema zinamshinda. Mimi peke yangu bado nina kazi, maana nina abiria mmoja.

Na abiria mwenyewe kapamba moto. Asubuhi kauliza kama ni kweli abiria wakilala, shirika huwalipia hoteli. Nikaona fahari, nikasema ndiyo, shirika letu linajali. Mpaka jioni alikuwa kwenye kitanda changu na mke wangu kalala pembeni yake. Mimi niko kwenye kochi, pale springi ilipochomoza. Kikohozi cha mke wangu nakisikia hadi hapa. Sasa naona na mama naye kimemshika.

Jambo baya. Kabla ya magharibi mwanyumba kapita na basi lake. Kasimama mlangoni, mikono imejaa grisi. Kasema kiti cha mbele kipo, mama aje waondoke, daktari kasema mtoto ameshashuka na siku si nyingi. Shemeji hapati usingizi, anauliza mama yuko wapi.

Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Nikasema tunathamini uvumilivu wako, kesho anaruka.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono kwenye begi. Kaniangalia mimi, kamwangalia mwanyumba, kaachia begi. Kasema haya, tusubiri hiyo kesho.

Mwanyumba kaniangalia kama anavyoangalia tairi lisilo na upepo. Kasema Ijumaa anapita tena.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mama mkwe anataka kuonana na mkubwa. Kasema amechoka kuongea na wadogo.

Mpango! Nikaenda kwa Kapteni. Huyu ndiye rubani wetu mkubwa. Nimemkuta anaosha gari lake, na kwenye kioo kuna karatasi ya kuliuza. Nikamwomba aje kwangu na kofia yake, amwambie mama kuna hitilafu ndogo na kesho wanaruka. Kauliza kama kutakuwa na chakula. Nikasema kutakuwa na chakula. Tumefanya mazoezi ngazini mara mbili, na mara ya pili hata mimi nilimwamini.

Kaingia. Kofia, mistari minne mabegani, viatu vinang'aa. Mama mkwe kasimama kwa heshima. Mke wangu kapakua. Kapteni kaanza vizuri sana. Kataja injini, kataja shinikizo la hewa. Nikamkonyeza kwamba inatosha.

Hakuishia hapo. Akiwa anakula kauliza mama anasafiri kwa shughuli gani. Mama kasema mwanangu anajifungua, ni wa kwanza, yuko peke yake.

Kapteni kaweka kijiko chini. Kasema mke wake alijifungua mtoto wao wa kwanza yeye akiwa angani na abiria, na mpaka leo wakigombana hilo ndilo linaanza. Kavua kofia. Kasema, "Mama, ndege hakuna. Zimechukuliwa zote. Hata mimi sina kazi." Kisha kalia. Mtu mzima, na mistari yake minne, machozi kwenye wali!

Nikaangalia dari.

Mama mkwe kamsogezea sahani. Kasema, "Najua, mwanangu. Kula kwanza."

Anajua! Tangu Jumatatu! Binti yake wa mwisho alimpigia simu jioni ile ile, habari zilishaenea. Nimeficha redio, nimeua televisheni, na simu ilikuwa inaning'inia shingoni mwake ndani ya kifuko alichokifuma mwenyewe. Nimeiona siku zote. Nilidhani ni hirizi. Mke wangu naye anajua. Kikohozi chake, namshukuru Mungu, kimepona mchana huu huu.

Mama kanikalisha. Hakufoka. Afadhali angefoka. Kasema soda ilikuwa nzuri, kuku alikuwa mzuri, kitanda kizuri zaidi. Lakini alikuwa anasubiri mkwe wake aseme mwenyewe. Kasema jana alishashika begi aondoke, kisha kaona nitaaibika mbele ya mwanyumba, kanipa siku moja zaidi. Siku hiyo, kasema, kaitoa kwenye siku za binti yake.

Nikasema tunaomba radhi kwa usumbufu. Ndiyo maneno niliyonayo.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimembebea mama mkwe begi mpaka stendi. Mwanyumba kalipokea, kalipanga, kamshika mama mkono kumpandisha. Hakunicheka. Hakusema hata neno moja la kunichoma. Nilikuwa nimeandaa majibu matatu, yote yameoza mdomoni.

Kapteni naye kasafiri. Familia yake iko upande ule, na mama mkwe kamwombea nafasi. Mwanyumba kamweka nyuma ya kiti cha dereva. Kabla basi halijawashwa Kapteni alishauliza breki zimekaguliwa na nani.

Nikadhani yameisha. Wapi! Ile timu ya mpira wa wavu imejaa viti vyote vya nyuma. Wamekosa mchezo wa kwanza kwa kulala nje ya ofisi wakisubiri ndege yangu. Nikajificha nyuma ya kibanda cha magazeti. Kocha kaniona. Kawageukia wasichana wake na kunyoosha kidole. Timu nzima ikatoa vichwa madirishani na kupiga kelele kwa pamoja: imechelewa kidogo!

Stendi nzima imecheka, na muuza magazeti pia.

Basi limeondoka kwa wakati wake. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Simu imelia tukiwa tunakunywa chai. Mama mkwe. Walifika alfajiri, mwanyumba kapitisha basi moja kwa moja hospitali na abiria wake wote, Kapteni akimwelekeza namna ya kuegesha. Shemeji alikuwa ameshalazwa tangu jana jioni. Usiku kucha alikuwa anamwita mama yake, mpaka manesi wakachoka kumtuliza. Mama kaingia, kamshika mkono, na jua halijapanda sana mtoto kazaliwa. Wa kike. Wote wazima.

Kaomba kuongea na mimi. Sauti yake imechoka. Kasema, "Nimewahi, mkwe wangu. Nusura nisiwahi."

Nikakaa kitandani. Kitanda changu, nimerudishiwa. Nikaona aibu, aibu ya kweli. Soda moja zaidi, kuku mmoja zaidi, na binti wa watu angezaa peke yake akiita mama, na mama yake yuko kwangu anasubiri ili nisiaibike. Mke wangu karudisha betri kwenye redio bila kuniangalia.

Nimeapa. Naandika kwa herufi kubwa nisije nikasahau. SITASEMA TENA IMECHELEWA. Kama kitu hakipo, nitasema hakipo.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Habari njema! Nimepata kazi! Shirika jipya kabisa la ndege. Rangi ya ofisi haijakauka, imenishika kiwiko. Mwenye shirika ana suti nzuri kuliko mkurugenzi wetu wa zamani, na anaongea bila kusita. Mimi ni Mkuu wa Taarifa kwa Abiria. Mkuu! Sare ni ya kijani, vifungo vya dhahabu. Mshahara utaanza ndege zikifika. Ni utaratibu tu.

Mwanyumba naye alikuwa amenitafutia kazi kwenye dirisha la tiketi za basi, nianze leo hii. Mtu mwema, sikatai. Nimemshukuru na kumweleza kwamba kila mtu na anga lake. Kasema basi, dirisha litakuwa wazi hadi mwisho wa mwezi.

Nimempigia mama mkwe. Nimemwambia amwambie mtoto kwamba baba mkubwa na mama mkubwa watakuja kumwona Jumamosi hii, tena kwa ndege. Mama kauliza kama mke wangu ana nauli ya basi. Wazee bwana, hawaamini maendeleo.

Usiku huu nimemwambia mke wangu afungashe. Hajafungasha. Kauliza hizo ndege zenyewe ziko wapi.

Nikasimama pembeni ya kabati. Nikaweka sawa vifungo vya dhahabu. Nimemwambia zimechelewa kidogo.

Kikohozi kimemrudia. Safari hii lazima nimnunulie dawa.