Kidude cha Joto na Ndoo Moja ya Rangi

Jumatatu, 3 Machi
Wanafunzi wamekuja na mwalimu wao wa sayansi, kijana mwembamba kama hapikiwi kwao. Wanapima joto la mtaa. Wametundika kidude cheupe ukutani kwangu. Kinaandika joto chenyewe, saa baada ya saa. Kingine kwa jirani, fundi cherehani. Nyumba yenye joto kuliko zote itapakwa bati rangi nyeupe, ipoe. Ndoo ya rangi ni moja tu. Mjukuu wangu, mmoja wa wanafunzi hao, harara zimemjaa mgongoni, usiku halali. Ndoo hiyo yangu. Shule sikwenda, herufi nimeziokota kwenye madaftari yake. Ujanja nilizaliwa nao.

Jumanne, 4 Machi
Nimekitundika juu ya jiko. Kinanuka vitunguu, lakini kinachapa kazi. Mwalimu akapita, akakirudisha ukutani bila neno. Nikamjazia sahani. Akala, akaifuta sahani yote. Nilijua tu!

Jumatano, 5 Machi
Fundi cherehani kaweka pasi ya mkaa chini ya kidude chake. Mchana kweupe! Nikamwendea, nikamwita mwizi.
"Shoga, wewe chako umekikaanga," akasema, "mimi changu nakipiga pasi. Mwizi nani?"
Nimerudi kukifunga changu kwenye chupa ya maji moto. Hanifikii.

Ijumaa, 7 Machi
Kompyuta ya mwalimu imetuchongea. Mwalimu kasema kwa joto lile mimi na mjukuu tungekuwa tumeshaiva. Vipimo vyangu na vya fundi vimefutwa. Mjukuu akainamisha kichwa mbele ya wenzake. Hapo nikaumia.
Kisha mwalimu akanivuta pembeni. Saa zile za mwanzo, kabla sijaingiza mkono, nyumba yangu ilizipita zote kwa joto.
"Bibi, ungekaa tu, ungeshinda."
Atapima upya wiki nzima. Sharti: nisikiguse kidude. Nikaapa mbele ya darasa zima.

Jumapili, 9 Machi
Kiapo ni kiapo. Sijakigusa hata kwa ukucha. Nimeziba tu madirisha kwa magunia, chumba kinafuka kama tanuri. Mjukuu nimemtandikia barazani, kwenye upepo. Amelala fofofo, mara ya kwanza tangu joto lianze. Asubuhi akauliza kwa nini tusilale pale siku zote. Nimemwambia asinivurugie sayansi.